Shangazi wa Tiketi

Mgeni anayetembea peke yake hujulikana kwa shingo. Mwenyeji hutazama chini asije akajikwaa; mgeni hutazama juu, kwenye madirisha na nakshi za milango, na akijikwaa huliomba radhi jiwe. Yule mama aliyeingia kwa lango la mji wa kale asubuhi ile alikuwa ameshayaomba radhi mawe mawili kabla Ramani hajamaliza kukunja mikono ya shati lake.

Ramani si jina alilopewa na mzazi. Alijipa mwenyewe, kwa madai kwamba mji mzima wa kale umo kichwani mwake, na kwa upande wa mitaa hakusema uongo. Uongo ulianzia kwenye historia. Shimo lililochimbwa na watu wa maji taka na kusahauliwa, kwa Ramani lilikuwa handaki la kutorokea mfalme. Ukuta uliogongwa na lori la saruji mwaka juzi ulikuwa na kovu la mzinga. Wageni walisikiliza, wakapiga picha, wakalipa, wakarudi makwao wakijiona wameelimika. Hakuna aliyewahi kulalamika, maana mtu huenda polisi akiibiwa mkoba, haendi kushtaki hadithi tamu.

Siku nyingine angemtazama mgeni mkoba. Leo alimtazama umri. Alitazama kitambaa kilichofungwa kichwani kwa heshima, miwani iliyoning'inia kifuani, viatu vya raba vya mtu asiyejali watu watasema nini, na namna alivyomkaripia muuza maji kwa kusimama njiani. Moyo ukamwambia Ramani kwamba huyu ni shangazi mtupu, na shangazi ndicho kitu alichokuwa anakitafuta tangu alfajiri.

Ramani alikuwa anataka kuoa, na maji yalikuwa yamemfika shingoni. Binti aliyempenda alikuwa mtoto wa pekee wa fundi kufuli wa uchochoro wa nyuma ya soko, mzee aliyetengeneza vitasa na funguo maisha yake yote na kwa hiyo hakuwa na haraka ya kumfungulia mtu. Siku moja Ramani alimwambia mzee huyo kwamba kwao ni mbali, na kwamba ukoo wao ni mkubwa ajabu, wajomba kwa mashangazi, hata wakikutana hukodi uwanja wa mpira. Ukweli ni kwamba alilelewa na bibi mmoja muuza mkaa ambaye hakuwa bibi yake, na tangu bibi afariki hakuwa na ndugu hata wa kugombana naye. Fundi alisikiliza habari za uwanja huku akinoa meno ya ufunguo kwa tupa, akasema, "Vizuri. Niletee mmoja."

Wiki iliyopita alimpelekea mjomba. Mjomba alivaa koti la kuazima, akamsifu Ramani kuanzia unyayo hadi utosi, mpaka fundi alipoinua miwani na kumtazama vizuri. "Wewe si kinyozi wangu? Miaka yote unaninyoa, sikujua una mpwa." Mjomba akakumbuka ameacha pasi ya umeme dukani, akaondoka. Fundi alitoa neno la mwisho hapo hapo: apate ndugu wa kweli, mtu mzima, kabla jua la leo halijazama, la sivyo kesho angewapokea watu wa karani wa posta, ambao wameshaleta salamu na ukoo wao unajulikana mpaka paka wao.

Kwa hiyo Ramani alihitaji mtu mzima asiyejulikana na mtu yeyote mjini. Watu wa namna hiyo hushuka stendi kila asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Umekuja peke yako kwenye mji mkubwa hivi?"

"Nimekuja na miguu yangu," mama akasema. "Inanitosha."

"Mimi ni mtembeza wageni, mama. Mwenye kibali."

"Kiko wapi?"

"Kiko kwenye suruali nyingine."

Mama alimtazama suruali, akamtazama uso, akacheka kidogo. "Haya, tembea mbele. Lakini nikichoka na maneno yako nitakuambia."

Hakuchoka. Alitembea kama mtu aliyefungwa ndani mwaka mzima. Walipanda ngazi za mnara, na Ramani akaeleza kwamba ngazi zimeinuka vile kwa sababu mfalme alikuwa na miguu mirefu. "Na malkia?" mama akauliza. Malkia, Ramani akasema, alikuwa anabebwa. Walipita kwenye nyumba yenye mlango mdogo wa kuinamia, uliowekwa, kwa mujibu wa Ramani, ili kila mgeni aingie akiwa ameshatoa heshima. Mwenye nyumba, aliyekuwa dirishani akimenya vitunguu, alisema mlango ni mdogo kwa sababu fundi alikosea kipimo. Ramani akamshukuru kwa kuongezea.

"Una ulimi wewe," mama akasema walipoketi kwenye baraza kupumzika. "Una watu?"

"Wengi mno, mama."

"Pole. Mimi pia ninao. Nina wapwa kama siafu. Huyu anaoa, yule anaachika, mwingine kagombana na mwenye nyumba, na kila jambo ni aitwe shangazi. Jana nikasema basi. Nikawaambia nakwenda hospitali, nikapanda basi nikaja kutembea."

Mtu mwenye haya angeishia hapo. Ramani aliona mlango uko wazi.

"Mama, kuna nyumba moja haimo hata kwenye vitabu," akasema, akishusha sauti kama watu wanavyoshusha wakitaka kusikilizwa zaidi. "Ni makumbusho, lakini yaliyo hai. Wenyeji wanaishi humo humo, na alasiri wanaigiza posa ya watu wa zamani. Mgeni haketi pembeni kutazama. Anapewa nafasi, anaigiza nao."

"Nafasi gani?"

"Wanaangalia sura. Wewe, kwa heshima zote, watakupa shangazi wa mposaji."

Mama akavua miwani akaifuta. "Nimemkimbia shangazi nyumbani, nimkute huku?"

"Huyu ni wa saa moja tu. Hakuna mtu atakayekupigia simu."

"Na mposaji ni nani?"

"Mwigizaji wake anaumwa tumbo," Ramani akasema, akatazama viatu vyake. "Leo nitashika nafasi mimi."

Mama akafikiri. Akauliza kama kuna kiingilio. Msomaji mwenye huruma atadhani hapa Ramani alisema hakuna, kwa kuwa mwanamke huyu alikuwa anakwenda kumwokolea maisha. Lakini mtu akizoea kuuza, kitu cha bure humletea homa. Alitaja kiingilio, akakipokea, akachomoa mfukoni bunda la tiketi alilookota stendi, akakata moja kwa adabu zote.

"Hii imeandikwa CHOO," mama akasema.

"Idara ni moja, mama. Wanabana matumizi."

Mama akaikunja tiketi akaitia kwenye mkoba. Ramani akampa sharti moja: ukishaingia, hakuna kutoka kwenye nafasi yako, maana wale ni waigizaji wa kurithi, na ukiwaambia ni igizo wanaona umewatukana wazazi wao.

Duka la fundi lilikuwa mbele ya nyumba, chumba chembamba chenye funguo zilizoning'inia ukuta mzima, na meza yenye jiliwa, lile koleo kubwa la chuma la kubania kazi wakati wa kupiga tupa. Nyuma ya pazia ndipo ilipokuwa sebule. Viti vilivikwa vitambaa vya kufuma, kabati lilikuwa na glasi zisizotumika, na ukutani kulikuwa na picha ya binti akiwa mdogo, amenuna.

"Wamepapanga," mama akamnong'oneza Ramani. "Hata vumbi la juu ya kabati wameliweka."

Fundi akaingia akijifuta mafuta mikononi, na mkewe nyuma yake na sinia la chai. "Wewe ndiye ukoo?" fundi akauliza.

"Ndimi," mama akasema, akaketi bila kuombwa, kama watu wenye haki yao wanavyoketi.

"Mtoto wenu namjua kwa maneno. Nataka nimjue kwa watu wake."

Ramani akapumua. Alitegemea mama aseme mambo mawili ya kawaida, kijana ni mwema, tumefurahi, kisha wanywe chai. Lakini mama alikuwa amelipa kiingilio, na mtu halipi kiingilio aje kutazama watu wakikubaliana. Aliona igizo limepooza. Akaamua kulitia chumvi.

"Kwanza tusidanganyane," akasema. "Huyu kijana wetu ameshaposa mahali pengine, akakataliwa."

Kikombe cha Ramani kiligonga kisahani. "Shangazi ana utani sana," akasema.

"Nyamaza, watu wazima wanaongea."

"Alikataliwa kwa nini?" fundi akauliza.

"Uongo. Huyu alianza kudanganya kabla hajaota meno. Baba yake alipofariki aliacha jogoo mmoja. Huyu akamuuza kwa jirani wa kulia, akamuuza na kwa jirani wa kushoto, na siku ya tatu jogoo tukamla sisi."

Nyuma ya pazia la chumbani kulisikika binti akibana kicheko kwa kukohoa. Ramani alikitambua kikohozi kile cha uongo, akatamani sakafu impokee.

"Hilo la jogoo naliamini," fundi akasema taratibu.

"Na mvivu," mama akaendelea, sasa amekolea. "Ukimtuma maji anakuletea habari. Mjomba wake alimtafutia kazi ya ulinzi, akamkodi mtu mwingine alinde, yeye akalala. Mimi ndiye niliyekwenda kuomba radhi. Kila siku ni mimi." Hapo sauti yake ilipanda kidogo, na mtu makini angeona kwamba hii sehemu haikuwa ya kutunga, ila ilikuwa ya mpwa mwingine.

Ramani alikuwa amelowa mgongo. Aliona karani wa posta akiingia kesho na ukoo wake wote na paka wao. Alimkanyaga mama mguu chini ya meza, na mama, akidhani ni sehemu ya igizo, akamkanyaga naye.

Fundi aliweka kikombe chini, akamgeukia mkewe. "Unaona sasa? Yule kinyozi alimsifu mpaka nikaingiwa na hofu. Mtu wa kukodi hasemi vibaya, ataharibu kazi. Anayekuja kukuanika mbele ya wakwe ni damu yako. Huyu ndiye shangazi wa kweli."

Ramani alikuwa ametapeli watu wengi, lakini hakuwahi kuona uongo ukimpita mbio na kufika kabla yake. Alifungua mdomo kushukuru, na ndipo mke wa fundi, ambaye hakuwa amesema neno, alipoinuka akaja kuketi karibu na mama. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Dada yangu," akasema, "sisi tuna mtoto huyu mmoja tu. Umesema mabaya yake na nimekushukuru. Sasa niambie kama mama. Atamtesa mwanangu?"

Mama aliitazama ile mikono. Akamtazama yule mwanamke machoni, akatazama sinia, vikombe vya wageni vilivyotolewa kabatini siku ile, na mwisho akamgeukia Ramani. Alimtazama kwa muda. Ramani akajua kwamba amejua.

Neno moja lingetosha. Mama angesema amelipa kiingilio, angetoa ile tiketi ya choo, na Ramani asingeoa tena katika mji ule wala mji wa jirani. Alitafuta uongo wa kujiokoa, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, ghala lilikuwa tupu.

"Wewe," mama akamwambia, na sauti haikuwa ya kuigiza. "Unampenda binti wa watu, au umependa nyumba yenye duka mbele?"

"Nampenda," Ramani akasema.

"Hilo kila mtu analisema. Kwa nini?"

Ramani alianza kusema kuhusu nyota, akaacha. Akaanza kusema kuhusu tabia njema, akaacha. "Watu wote nikiwadanganya wanafurahi, halafu wanaondoka," akasema. "Yeye nikimdanganya ananikatiza. Ananiambia hapo umedanganya, hapo umedanganya. Halafu ananiuliza kama nimekula. Sina mtu mwingine wa kuniuliza hivyo."

"Baba," sauti ya binti ikatoka nyuma ya pazia, "hapo hajadanganya."

Mke wa fundi akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Mama akakohoa, akajiweka sawa kwenye kiti, akaushika tena mkono wa mwenzake.

"Dada, mimi sitakuapia," akasema. "Nikikuapia nitakuwa mwongo kama yeye. Ninachoweza ni hiki. Kuanzia leo huyu haendi tena langoni kusubiri wageni. Atakaa kwenye jiliwa la mzee hapa, ampigie tupa, na harusi itakuwa siku ile mzee atakaposema kwamba ufunguo aliouchonga kijana umefungua kufuli. Mapema au kuchelewa, ni juu ya mikono yake. Hayo ndiyo maneno ya ukoo."

"Shangazi," Ramani akasema, "mimi na tupa hatujawahi kuonana."

"Mtaonana leo."

Fundi alifikiri. Alijua vizuri kwamba kumweka tapeli kwenye duka la funguo ni kumkabidhi fisi bucha. Lakini fisi aliye mkweo unamwona kila siku alipo, na fundi alikuwa anazeeka, na yule karani wa posta hakuwahi kumchekesha binti yake hata mara moja. "Nimekubali," akasema.

Akaenda dukani, akarudi na kufuli la shaba la lango la zamani, zito kama jiwe la kusagia, na ufunguo wake wenye meno ya maua. Watu wa makumbusho walishaliomba akawanyima. Ramani mwenyewe alishajaribu kulipata kwa hila za kila namna, kwa kuwa alikuwa na mnunuzi. "Shangazi haondoki mikono mitupu," fundi akasema, na Ramani akalitazama kufuli likizama kwenye mkoba wa mama, taratibu, mpaka zipu ikafungwa.

Alimsindikiza mpaka nje. Walipofika kwenye kona, mama akasimama.

"Ulijua lini?" Ramani akauliza.

"Yule mama aliponishika. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Hakuna mwigizaji anayeweza kupoza mikono."

"Mbona hukusema?"

"Nilishafungua mdomo niseme. Nikaona nikuulize kwanza. Ungenijibu kwa maneno yako yale ya mfalme na miguu mirefu, ningekuacha pale pale na tiketi yako." Akanyoosha kiganja. "Kiingilio changu."

Ramani akamrudishia. Mama akahakikisha, akatia mfukoni.

"Na siku ya harusi nitakuja," akasema.

"Usijisumbue, mama. Safari ni ndefu."

"Nitakuja na dada zangu. Tutalala kwako, tutakula kwako, na chakula kikiwa kibaya tutasema. Na nikisikia umemliza yule binti, nitakuja bila kualikwa. Ulitaka shangazi, mwanangu. Hivi ndivyo walivyo. Hawakodishwi kwa saa."

Akashika njia. Alipofika kwenye njia panda akaingia kushoto, na kushoto si kwenye stendi. Kushoto kuna vichochoro vya machinjio, ambako hata wenyeji huzunguka mpaka wakachukia kuzaliwa. Ramani aliliona hilo mara moja. Akaona pia kwamba mama akipotea humo vya kutosha ataulaani mji huu, atapanda basi la kwanza, na hatarudi tena na dada zake wala na jogoo wake. Mawazo hayo yalimpitia kichwani yote, kwa kuwa mtu haachi kazi ya miaka kwa alasiri moja.

"Shangazi," akaita.

Neno lilitoka lenyewe. Mama akageuka. "Nini tena?"

"Stendi ni kulia. Fuata ukuta mpaka kwenye taa, usipinde popote."

"Najua stendi ilipo, nilitokea huko asubuhi," mama akasema. "Nilitaka kuona kama utaniita."

Akapinda kulia, akaenda zake na kufuli la shaba likimvuta bega upande mmoja. Ndani, fundi alikuwa anagonga tupa mezani kumwita kazini, na Ramani bado amesimama njiani, amejaa furaha, bila hata mtu mmoja wa kumuuzia.